Makosa Manne ya Vijana wa Baraza

Mwalimu Wilkister ana madaftari mawili. La kwanza lina jalada jeusi, na ndani yake ameandika nyimbo zote za kwaya yetu kwa solfa, sauti nne, kila sauti na mstari wake, kwa mwandiko uliosimama wima kama watoto wa shule kwenye paredi. La pili ni jekundu. Hilo ni la makosa.

Mimi ni katibu wa kwaya na hukaa mwisho wa safu ya sauti ya pili, kwa hiyo nimeliona daftari jekundu kwa karibu kuliko wengi. Kila kosa lina tarehe, jina na wimbo. "Machi 14. Ishmael, besi, ameingia kabla ya mkono." "Machi 21. Ishmael, besi, ameingia kabla ya mkono." "Machi 28. Ishmael hakuja. Besi wameingia vizuri." Hakuna neno la ukali humo, wala alama ya mshangao. Ni kilichotokea tu.

Ishmael huendesha foklifti kwenye ghala moja huko Fairfield, magharibi mwa Sydney. Ni mtu wa vicheko, na ndiye aliyeliita daftari lile Hukumu.

"Siku ya mwisho malaika watakaa tu," alisema Alhamisi moja tukipanga viti kwenye ukumbi wetu wa Granville. "Wataazima Hukumu ya Mwalimu, wataisoma, tutakwenda kila mtu panapomhusu."

"Wewe nawe utaondoka kabla hujaitwa," Mwalimu akamjibu bila kuinua macho.

Mwalimu ana miaka hamsini na miwili. Alizaliwa karibu na Ahero, Kenya, binti wa mwalimu wa shule ya msingi ambaye darasani kwake palikuwa na ubao mrefu wa solfa, do ya chini hadi do ya juu. Akiwa na miaka tisa ndiye aliyeshika fimbo ya kuonyeshea, na wakubwa wake waliimba kule fimbo ilikogusa. Alipokuwa kidato cha tatu kwaya ya shule yao ilifika tamasha la mkoa, ikakosa ushindi kwa alama moja. Mwamuzi aliandika kwenye karatasi yake kwamba sauti ya pili ilikuwa ikiteleza kuelekea kwenye noti badala ya kutua juu yake. Mwalimu anayo karatasi ile mpaka leo, imekunjwa ndani ya Biblia.

"Alama moja," husema. "Kwa sababu ya kuteleza."

Alikuja Sydney mwaka 2009 na tangu hapo amefanya kazi kwenye nyumba za kutunzia wazee. Huko walimfundisha jambo ambalo yeye alikuwa nalo tayari, ila halikuwa na jina: unapokabidhi zamu, andika ulichokiona na saa uliyokiona, usiandike unachodhani. Usiandike kwamba mzee alikuwa na hasira. Andika kwamba alisukuma sahani, saa saba na dakika kumi. Wenzake kazini hupenda kupokea zamu kutoka kwake, maana wakishasoma ukurasa wake hawana la kuuliza.

Sasa, safu yetu ya sauti ya pili ina dada mmoja, Anésie, anayeishi Doonside na babu yake. Babu huyo ni Mzee Bruno Kwizera, Mrundi, ambaye mwaka jana alikuwa na miaka themanini na mmoja. Kila Alhamisi Anésie alikuwa akija naye kwenye mazoezi, kwa kuwa hakutaka kumwacha peke yake nyumbani. Mzee alikaa nyuma karibu na hita, kofia kichwani, mikono juu ya fimbo. Hakuimba. Sisi tulidhani anasinzia.

Mwezi wa saba, wakati wa chai, Ishmael alikuwa akijichezea kwa sauti yake ya chini, "dum, dum-dum, dum," huku akitafuta sukari. Kutoka nyuma kabisa, juu sana, nyembamba kama uzi, ikaja sauti: "Uuu-waa."

Tukageuka wote. Mzee Bruno alikuwa amevua kofia.

"Endelea, kijana," akasema. "Kwa nini umenyamaza? Besi hanyamazi."

Ishmael, ambaye ana miaka arobaini na sita na watoto watano, akaendelea kwa heshima zote. Mzee akaimba juu yake mstari mmoja, kwa Kiswahili, akimwomba mtu anayeitwa Miriamu ageuke. Sauti ilikatika katikati, akakohoa, akacheka.

"Babu!" Anésie alisema. "Miaka yote hii!"

"Hamkuniuliza," akajibu.

Jioni ile mazoezi hayakuendelea, naye Mwalimu, ambaye hajawahi kupoteza hata dakika kumi za mazoezi, alivuta kiti akakaa mbele ya mzee. Hivi ndivyo mzee alivyotusimulia, na mimi niliandika.

Mwaka 1960, Bujumbura ilipokuwa bado ikiitwa Usumbura, Bruno alikuwa kijana wa miaka kumi na saba katika mtaa wa Buyenzi. Jirani palikuwa na duka la Mgiriki mmoja mwenye gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na sahani za santuri kutoka Amerika. Sahani tatu kati ya hizo zilikuwa za vijana weusi waliokuwa wakiimba kwenye pembe za mitaa ya miji yao, bila gita, bila ngoma. Mmoja alipiga besi kwa mdomo, wawili wakajaza katikati kwa "uu" na "waa", na mmoja juu kabisa akamlilia msichana. Muziki huo una jina, du-wop, lakini Bruno na wenzake hawakulijua. Kiingereza pia hawakukijua.

"Bon, tulishika yale maneno yasiyo na maana," mzee alisema. "Hayo hayataki kujua lugha. Ya katikati tukaweka ya kwetu."

Walikuwa wanne. Blaise besi, Nduwimana sauti ya pili, Arakaza ya tatu, na Bruno juu. Waliimba kwenye baraza la duka lile na watu wakawaita Vijana wa Baraza. Walitunga nyimbo nyingi, mzee hakumbuki ngapi. Mwaka 1971 mmoja wao alipata redio ya kaseti ya kuazima, wakarekodi wimbo mmoja, "Miriamu, Geuka". Mwaka uliofuata mauaji yaliwatawanya watu wa nchi ile, na wao pia. Bruno alivuka kwenda Tanzania, akakaa kambini miaka mingi, akaja Sydney mwaka 2007. Kaseti alikuwa nayo muda wote, ndani ya kopo la sabuni.

"Wenzangu watatu wamekwisha kufa," akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja treni aliyoikosa. "Nikiondoka mimi, Vijana wa Baraza watakuwa hawakuwahi kuwepo. Anésie ataeleza, watu watasema: aha. Ndiyo hivyo tu."

Mwalimu akasema kwaya itaushika wimbo ule. Mama mmoja wa sauti ya kwanza akauliza kama ni halali kwaya ya kanisa kuimba wimbo wa kumwita msichana ageuke.

"Aligeuka, mama," mzee akamjibu. "Tukaoana kanisani. Miaka arobaini na mmoja tulikaa naye, mpaka Mungu akamchukua."

Niliandika kwenye kumbukumbu: hoja imefungwa.

Anésie alimpigia simu Shirleen, binti wa Kikenya aliyezaliwa hapa hapa, ambaye hufanya kazi mahali fulani Fairfield wanapokusanya historia za watu waliohamia. Shirleen huelewa kila neno la Kiswahili na hujibu akichanganya na Kiingereza. Alisema ofisi yao inarekodi nyimbo ambazo watu walikuja nazo, zinahifadhiwa na maelezo yake, na mtu yeyote anaweza kuja kuzisikiliza hata baada ya miaka hamsini. Nafasi ilikuwepo Jumamosi ya Agosti 17. Tulete kaseti, tulete kwaya, tumlete mzee.

Mwalimu akaenda Doonside jioni nne kuandika wimbo ule kutoka kwenye kaseti. Mume wa Anésie alikuwa amepata redio ya zamani sokoni Fairfield. Mwalimu aliketi mezani, redio mbele yake, daftari jeusi upande wa kulia na jekundu upande wa kushoto. Anésie aliniambia kwamba alikuwa akisikiliza mistari miwili, anasimamisha, anaandika hapa, anaandika pale, anarudisha. Jioni ya nne, wimbo ulipokuwa umekaribia mwisho kwa mara ya mwisho, redio ilitoa sauti kama ya mtu anayetafuna, halafu kimya. Mkanda ulikuwa umekauka kwa miaka hamsini na mitatu. Walipouvuta ulivunjika vipande vipande kama ganda la kitunguu.

Msomaji atauliza kwa nini hatukurekodi kwa simu. Tulirekodi. Anésie aliiweka simu mezani jioni ya kwanza, na kinachosikika humo ni hita ikinguruma na mwanawe akiomba apewe tambi, na kwa mbali sana wanaume wanne kama mbu kwenye chupa.

Mwalimu alisema hakuna shida. Wimbo umeandikwa.

Tukaanza mazoezi. Mwalimu alituandikia kwenye ubao kwa chaki ya rangi nne, nasi tuliushika haraka, kwa kuwa ulikuwa rahisi na mtamu. Ishmael alipiga besi yake baada ya mkono wa Mwalimu kushuka, si kabla, na alisifiwa. Tarehe nane ya mwezi wa nane, siku tisa kabla ya kurekodi, tuliuimba wimbo mzima mbele ya mzee. Sauti nne zilishikana kama vidole vya mkono mmoja. Tukamaliza pamoja, tukakata pamoja, na ukumbi ukabaki ukilia kidogo kama glasi.

Mzee Bruno alipiga makofi. Akapangusa macho. Halafu akasema, "Ni nzuri sana. Mersi sana, wanangu."

"Lakini?" Mwalimu akauliza. Ana sikio la kusikia "lakini" kabla haijatoka.

"Hapana, ni nzuri."

"Mzee wangu, mimi ni mtu wa kuambiwa. Niambie."

Mzee akazungusha fimbo yake mikononi. "Bon. Si sisi."

"Si ninyi kivipi? Maneno?"

"Maneno ni yetu."

"Kasi?"

"Kasi ni yetu."

"Tumekosea wapi basi?"

"Hamkukosea popote," akasema, akionekana mwenye kuomba radhi. "Mimi nilikuwa naimba juu tu, sikujua wenzangu wanafanya nini huko chini. Lakini nikiwa juu nilikuwa nasikia kitu kama mtu anayecheka. Hapa hakuna anayecheka. Hapa ni watu wazuri wamevaa suti."

Mwalimu alisimama mbele ya ubao wake wenye rangi nne. Kaseti ilikuwa imekwisha. Mzee alijua sauti yake moja tu. Kilichokuwa kinakwenda kuhifadhiwa miaka hamsini Fairfield kilikuwa kile kilichoandikwa kwa chaki, na mtu wa pekee duniani aliyeweza kusema ni chenyewe au si chenyewe alikuwa amesema si chenyewe.

"Niliandika nilichosikia," Mwalimu alisema polepole. Halafu, kwa kuwa ni mtu mkweli, akaongeza, "Nilinyoosha mahali pawili patatu. Walikuwa vijana. Hakuna aliyewafundisha."

"Ulinyoosha," Ishmael akasema.

"Ndiyo. Kama ninavyowanyoosha ninyi."

Ishmael akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa. "Mwalimu, usiniambie. Usiniambie hata marehemu uliwaandika kwenye Hukumu!"

Watu wakacheka naye, mimi pia. Mwalimu hakucheka. Alitazama mkoba wake, akauendea, akatoa daftari jekundu, akalamba kidole, akafungua kurasa.

"Julai 16," akasoma. "Vijana wa Baraza. 'Miriamu, Geuka'. Makosa manne."

"Soma," mzee alisema.

"Mzee, sikukusudia kuwadharau."

"Soma, Mwalimu, mimi sina umri wa kungoja."

Akasoma kwa sauti ile anayosomea taarifa ya zamu. "La kwanza. Besi anaingia nusu pigo kabla ya wenzake. Mara zote sita."

Mzee Bruno alifunga macho na tabasamu likamjaa uso mzima. "Blaise! Baba yake alikuwa mzee wa kanisa, alimkataza kuonekana na sisi kwenye baraza. Basi yeye alikuwa anasimama nyuma ya ukuta wa duka, hatuoni, hatumwoni. Angejuaje sisi tunaanza lini? Akaanza yeye. Sisi ndio tulikuwa tunamfuata. Hata baba yake alipokufa, akaja kusimama na sisi mbele, bado alianza kabla. Haikumtoka tena."

Ishmael alikuwa amekaa wima sasa. "Kwa hiyo yeye alikuwa sahihi."

"La pili," Mwalimu akasoma haraka. "Sauti ya tatu haitui kwenye noti. Inaanzia chini, inateleza mpaka juu." Neno "inateleza" alilisoma mara mbili.

"Arakaza. Huyo ni gramafoni ya Mgiriki! Ilikuwa imechoka. Akiweka sindano, sauti inaanza chini, uuuuu, ndipo inapanda inakaa mahali pake. Sisi tukadhani ndivyo Wamarekani wanavyoimba. Arakaza alifanya mazoezi miezi, kuteleza vizuri hivyo."

"Miezi," Mwalimu akarudia.

"Alikuwa bingwa."

"La tatu. Sauti ya pili na besi zinatembea pamoja hatua kwa hatua, kama mapacha. Haifai."

"Nduwimana hakuwa na sikio, masikini. Akiachwa peke yake anapotea. Tukamwambia, wewe mfuate Blaise tu, akipanda panda, akishuka shuka. Kama mtu ameshika shati la mwenzake sokoni."

"La nne." Hapa Mwalimu aliinua macho. "Hawamalizi pamoja. Wanakatika mmoja mmoja, na besi anabaki peke yake mapigo manne."

Mzee alianza kucheka kabla Mwalimu hajamaliza kusoma. Alicheka bila sauti, mabega yakitikisika, Anésie akaenda kumshika. Alipopata pumzi akatueleza. Waliimba saa nane mchana, duka likiwa limefungwa na Mgiriki amelala. Wimbo ukifika mwisho, kwa kawaida na yeye alikuwa ameamka. Alitoka na ufagio. Aliyemwona kwanza alikimbia kwanza, wa pili akafuata, na Bruno, kwa kuwa alikuwa akiimba amefumba macho, alikuwa wa mwisho kwenye baraza na ndiye aliyekula ufagio. Nyuma ya ukuta Blaise hakuona lolote. Aliendelea peke yake, "dum, dum-dum, dum," mpaka akagundua kwamba wenzake hawapo.

"Baadaye tulipata mahali pengine pa kuimbia, penye ruhusa," alisema. "Lakini mwisho wa wimbo ukabaki hivyo. Bila kukimbia haukuwa wimbo."

Mwalimu Wilkister alilitazama daftari jekundu, kisha daftari jeusi, kisha ubao. Akachukua kitambaa akafuta ubao wote, rangi zote nne.

"Jameni," akasema, "nilihifadhi suti nikatupa watu."

Alhamisi iliyofuata, siku mbili kabla ya kurekodi, tulifundishwa kukosea. Si kazi ndogo. Sauti ya tatu walikuwa wameadhibiwa kwa kuteleza kwa miaka sita, sasa Mwalimu alisimama mbele yao akisema, "Telezeni! Zaidi! Mbona mnatua kama ndege za jeshi?" Alipowaonyesha mwenyewe namna ya kuteleza, alifumba macho kwanza, kama mtu anayemeza kwinini. Mara ya tatu aliteleza vizuri sana. Mara ya nne hakuna aliyekuwa amemwomba.

Aliyetushinda alikuwa Ishmael. Mtu ambaye amejaza kurasa kwa kuingia kabla ya mkono, alipoambiwa aingie kabla ya mkono aliingia juu ya mkono kabisa, sawasawa, kila mara.

"Lakini wewe ndiye bingwa wa hili!" mama mmoja akamwambia.

"Nilikuwa bingwa nikiwa sijui," akajibu kwa huzuni. "Sasa naliona linakuja."

Jumamosi tulipanda treni mpaka Fairfield. Tulikuwa kumi na wawili, besi akiwa Ishmael peke yake, pamoja na mzee, ambaye Anésie alimvalisha koti la bluu na tai. Shirleen alitupokea mlangoni, akatuingiza kwenye chumba chenye zulia nene ukutani na maikrofoni mbili. Alikuwa na saa moja na nusu kabla ya kundi lingine kuingia. Alimwuliza mzee maswali, mzee akayajibu, yote yakarekodiwa: Buyenzi, gramafoni, ufagio. Ikabaki wimbo.

Mara ya kwanza Ishmael aliingia pamoja na mkono. Mwalimu akasimamisha.

"Ishmael, umechelewa."

Hata Shirleen alicheka, naye hakujua nusu ya jambo lenyewe.

Mara ya pili, pamoja na mkono. Mara ya tatu alijaribu kuwahi akawahi mno, pigo zima na zaidi, tukagongana wote. Saa ya ukutani ilionyesha dakika ishirini na tano zimebaki. Jasho lilikuwa likimtoka Ishmael kwenye chumba chenye baridi.

"Mwalimu," akasema, "miaka sita umenifunga breki. Leo unataka niziachie na mzigo uko juu."

"Mimi ndiye niliyekufunga?"

"Ni huo mkono wako. Nikiuona tu, mwili unatii."

Mwalimu akautazama mkono wake. Mzee Bruno, aliyekuwa kwenye kiti mbele ya maikrofoni, aligonga sakafu kwa fimbo.

"Blaise hakuwa anatuona," akasema.

Mwalimu akamshika Ishmael bega, akamtoa mpaka kwenye korido, akaurudisha mlango ukabaki wazi kiasi cha kiganja. Shirleen aliburuta maikrofoni ya pili akaiweka huko nje.

"Are you sure, Auntie?" akauliza. "Hatamwona mtu yeyote."

"Ndiyo tunachotaka, mwanangu."

Mwalimu akarudi mbele yetu. Hakuinua mkono. Aliiweka yote miwili nyuma ya mgongo, akaishikanisha, akangoja. Nilisikia hita. Nilisikia treni ikipita. Halafu kutoka nyuma ya mlango, bila ruhusa ya mtu, "dum, dum-dum, dum," na sisi, ambao hatukuwa tayari, tukamkimbilia.

Sauti ya tatu waliteleza. Sisi wa sauti ya pili tulimshika besi shati tukaenda naye, akipanda tunapanda, akishuka tunashuka. Sauti ya kwanza walikuwa wamemwachia Mzee Bruno mstari wao; alifumba macho akaimba juu. Sauti yake ilikatika mahali pawili, hakuijali. Alimwita Miriamu ageuke kama mtu ambaye bado hajui kama atageuka. Na katikati ya wimbo nilikisikia alichokuwa akikitaja, kile kitu kama kicheko. Hakikuwa kwenye sauti ya mtu yeyote. Kilikuwa kati yetu, kwenye nafasi ambazo Mwalimu alikuwa amezinyoosha.

Tulipofika mwisho sauti ya tatu waliacha. Kisha sisi tukaacha. Mzee akashikilia peke yake juu, halafu ghafla akafumbua macho, akatazama mlango, akanyamaza. Ishmael, asiyeona kitu, akaendelea, "dum, dum-dum, dum," pigo la kwanza, la pili, la tatu, la nne, kisha ikaja sauti yake ya wasiwasi: "Mpo?"

Shirleen alituonya kwa kidole tusicheke mpaka taa nyekundu ya kurekodi izimwe. Ilipozimwa, watu walianguka juu ya viti.

"Ni nzuri sana," Shirleen alisema akivua vifaa vya masikioni. "Ile 'mpo' nitaikata. Na besi ameingia mapema, lakini usijali, Auntie, kwenye kompyuta naweza kumsogeza, dakika moja tu. Na mwisho naweza kuwafanya mmalize pamoja."

Mwalimu Wilkister alimfuata mpaka kwenye meza yake ya vitufe. "Usiguse," akasema. "Wala hiyo 'mpo'. Acha kila kitu pale kilipoangukia, kisha andika maelezo kwa nini kimeanguka hapo. Nitakuandikia mimi, kwa mwandiko wangu."

Shirleen akatoa mkono kwenye vitufe.

Mzee Bruno alikuwa bado kwenye kiti chake, kofia magotini. Mwalimu akainama mbele yake. Hakuuliza, alingoja tu.

"Nduwimana alikuwa hapo," mzee akasema, akionyesha sehemu tuliyosimama sisi. "Arakaza pale. Na Blaise nje, kama kawaida yake, mjinga yule, anauliza tupo?" Akampigapiga Mwalimu mkononi. "Tupo. Sasa ndiyo sisi."

Kwenye treni ya kurudi Granville, Ishmael alikaa mkabala na Mwalimu, akisubiri sifa. Mwalimu akatoa daftari jekundu na kalamu. Ishmael akapiga kelele kwamba hapana, leo si haki, lakini Mwalimu aliandika, akafunga, akanipa mimi niweke nakala kwenye kumbukumbu za kwaya. Imeandikwa hivi:

"Agosti 17. 'Miriamu, Geuka'. Ishmael, besi, ameingia kabla ya mkono. Sauti ya tatu wameteleza. Sauti ya pili wamefuatana na besi. Hatukumaliza pamoja. Makosa yote manne yapo."